Ndugu watatu wa Detroit na jina ambalo hakuna aliyelitaka

Kijana mmoja wa Detroit, David Hackney, kachukua kile kitabu cha namba za simu, zile kurasa za njano zenye matangazo ya biashara, katafuta palipoorodheshwa studio na kampuni za muziki, kabandika ukutani, karudi nyuma hatua kadhaa, karusha kishale. Basi. Pale kishale kilipochoma ndipo yeye na wadogo zake walipoenda kubisha hodi. Kilichoma Groovesville.

Hakuna mjomba aliyemjua mtu, hakuna "ngoja nikuunganishe na jamaa yangu", ni kishale. Na kilichoma pazuri kweli, maana Groovesville ilikuwa ya Don Davis, prodyuza mkubwa wa pale mjini, mwenye na studio ya United Sound, ile ile waliyorekodia bendi ya Funkadelic. Ukiniuliza mimi, bahati ya bendi hii nzima ilitumika siku ile kwenye kile kishale, haikubaki hata ya akiba.

Bendi yenyewe ilikuwa inaitwa Death. Ndio, Kifo. Ndugu watatu weusi wa mama mmoja baba mmoja, wanapiga roki ya kasi na makelele mwaka 1975, kwenye mji ambao dunia nzima inaujua kwa Motown, ile lebo ya muziki wa souli, na magari. David gita, Bobby besi na sauti, Dannis drams. Na hadithi inayosemwaga kila mahali ni kwamba jina ndilo lililowaponza, kwamba wangebadilisha jina tu leo tungekuwa tunawataja na wale wakubwa. Mi hii hadithi nimeisoma, nimeitazama kwenye ile dokumentari yao ya 2012, nimeisimulia washkaji mpaka wananikimbia, na kila nikiisimulia naona kuna mahali inapindishwa.

Ila kwanza muziki wenyewe, maana watu wanarukaga hapa.

Mi niliupata kwenye flashi. Kuna fundi kompyuta mmoja mtaani kwetu, ana tabia akikurudishia flashi yako lazima akuwekee vitu ambavyo hukumwomba, nyimbo, filamu nusunusu, mawaidha, na siku hiyo aliweka folda imeandikwa DEATH kwa herufi kubwa nikadhani ni kirusi. Sikuifungua kama wiki mbili hivi. Siku nimeifungua nipo kwenye daladala jioni, hedifoni masikioni, foleni imesimama, na albamu yote, ile ...For the Whole World to See, ina nyimbo 7 tu na haifiki hata nusu saa, dakika 26 hivi, kwa hiyo kutoka Tazara mpaka Banana nilikuwa nimeimaliza nimeirudia na ya tatu nipo katikati. Sikuwa nimewahi kuwa mtu wa roki. Roki kwangu ilikuwa ni zile nyimbo za mapenzi za taratibu wanazopigaga redioni usiku Jumapili, ambazo baba zetu wanazipenda.

Sikiliza Politicians in My Eyes. Besi ya Bobby inaingia inakimbia kama mtu anayewahi boti ya Zenji saa imeshafika, drams za Dannis zinaisukuma kwa nyuma, halafu gita la David linakuja kama bati linalong'olewa na upepo. Wanasemwa wanasiasa humo, ni enzi za machungu ya Vietnam, vijana wa mitaa kama yao wamepelekwa vitani na waliowapeleka wamekaa wanatabasamu, na Bobby haimbi kwa kulia wala kwa kuhubiri, anaimba kama mtu anayegombana na jirani kupitia dirishani, maneno yanatoka haraka maana akichelewa dirisha litafungwa. Halafu kuna Let the World Turn, hiyo inaanza taratibu, sauti ya mbali kama mtu yupo kisimani, unakaa vizuri ukidhani sasa tunapumzika, mara inapasuka, inakimbia, Dannis anapewa nafasi apige drams peke yake, kisha wimbo unarudi kule kwenye upole kama hakuna kilichotokea. Hawa ni vijana wa miaka ishirini na kidogo, wa mwisho hajafika hata hiyo ishirini, gita ni moja tu, na David analipiga kama watu wawili wanaosukumana kwenye mlango mmoja. Freakin Out na You're a Prisoner ni dakika mbili na ushee kila moja, ukifunga kamba za viatu imeisha.

Nikisema walistahili zaidi ya walichopata, naanzia hapo kwenye dakika hizo 26. Hadithi zao za maisha nilizijua baadaye.

Mwaka 1964 mzee Hackney aliwakalisha wanawe mbele ya televisheni kuwaangalia Beatles walipotokea mara ya kwanza kwenye kipindi cha Ed Sullivan. Baba mweusi, mtu wa dini, anawaita watoto njooni muone hawa. Kesho yake David akaokota gita lililotupwa na mtu. Sijui mtu unatupaje gita, lakini ndio hivyo, akaliokota akaanza kujifundisha. Miaka ya mbele wakafanya kachumba ka nyumbani kuwa ka mazoezi, na shoo zao za mwanzo wakapigia kwenye gereji ya mama yao. Majirani walikuwa wanalalamika, na walichokuwa wanalalamikia zaidi sio kelele peke yake, ni aina ya kelele. Mtaa mzima ni watu weusi, wanataka souli, wanataka Motown, nyie mnapiga muziki wa wazungu wa nini?

Na mwanzo walikuwa wanapiga fanki kweli, mwaka 1971, wakajiita Rock Fire Funk Express, jina refu kama la basi la mkoani. Wakaja kuwaona The Who na Alice Cooper jukwaani, na hapo David akaamua. Fanki basi, kuanzia leo tunapiga roki. Aliamua yeye. Hiki kitu kishike, tutakirudia, kwamba kwenye bendi hii anayeamua ni kaka.

Katikati hapo, mwaka 1968, baba yao alikuwa amefariki. Ajali, dereva mlevi. Wengi wakifika hapa wanapita haraka ili wafike kwenye jina, lakini jina linatokea hapa hapa. David hakuliokota kwenye filamu ya kutisha wala hakutaka kuwatisha watu. Alikuwa amefiwa na baba, amekaa na hilo jambo miaka, na akafika mahali akaona kifo hakiwezi kuwa ni kitu kibaya tu, kama kuzaliwa ni safari na hiki nacho ni safari, kwa hiyo atalichukua hilo neno alitoe kwenye ubaya wake. Akachora na nembo, pembetatu yenye duara tatu, roho, akili na mwili, halafu pembeni kwa juu kuna duara la nne limejitenga, huyo ni Mungu anayeongoza. Yaani jamaa alikuwa amekaa na kulifikiria kabisa. Bendi imeitwa Kifo na ndani yake kuna Mungu.

Wazungu waliona ni jina la ajabu. Mi nikiangalia huku kwetu sioni ajabu sana. Sisi mtoto akizaliwa kipindi cha matatizo tunamwita Tabu. Shida. Mateso. Mtu anabeba jina la msiba wa wazazi wake mpaka anazeeka nalo na hakuna anayeshtuka, nina binamu yangu anaitwa Masumbuko na hana masumbuko yoyote, ana guta mbili na duka la vifaa vya ujenzi. Neno likishakaa kwa mtu linaacha kuwa neno, linakuwa mtu. Nadhani David alikuwa anataka kitu kama hicho, ila alikuwa anakitaka kwenye nchi ambayo neno hilo hata hospitalini wanalizunguka zunguka.

Basi. Mwaka 1975 wakaingia United Sound, injinia ni Jim Vitti, mpango ni nyimbo 12. Kazi ikafika mpaka kwa Clive Davis, mmoja wa mabosi wazito kabisa wa biashara ya muziki kule Marekani, mtu ambaye akikukubali umetoka. Akaupenda muziki. Akasema sawa, pesa ipo, ila hilo jina hapana, tafuteni lingine.

David akakataa. Na alikataa kwa maneno makali, siyo yale ya "tutafikiria". Hoja yake ilikuwa kwamba ukishawapa jina umewapa vyote, watarudi kesho watake na wimbo, keshokutwa watake na nguo. Hela ikakatwa. Nyimbo zilizokwisha zilikuwa 7. Zile tano hazikurekodiwa.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapogawanyika, wengine David shujaa, wengine David mjinga. Mi akili yangu yote ilienda kwa wale wadogo zake wawili. Maana Bobby na Dannis walikuwa tayari kubadilisha. Wamekiri wenyewe. Jina kwao lilikuwa ni jina, wangeitwa chochote, walitaka dili. Wakamtazama kaka yao, kaka kasema hapana, na wao wakasema hapana. Baba yao alikuwa amewalea na agizo moja, ndugu yako muunge mkono, na wakamuunga mkono kwenye jambo ambalo moyoni hawakukubaliana nalo, na wakalilipia miaka zaidi ya thelathini.

Na mi hili naomba nilizungumzie kidogo maana linanihusu.

Sisi kwetu tupo watatu, wa kiume watupu, mimi wa mwisho. Baba alipofariki aliacha kiwanja Chanika. Kipindi kile Chanika kilikuwa ni porini tu, watu walikuwa wanamcheka, alinunua akapanda miembe miwili na akaishia hapo, hakujenga hata choo. Miaka ikaenda, mji ukasogea, akatokea mnunuzi. Na alikuja na hela nzuri, hela ambayo wakati ule mimi nadaiwa ada nipo mwaka wa pili chuo na nimeshazuiwa mtihani mmoja, na bro wa katikati mkewe mjamzito. Tukakaa kikao sebuleni, mnunuzi yupo nje kwenye gari anasubiri, ameacha taa zinawaka. Kaka mkubwa akasikiliza wote, akanyamaza, kisha akasema miembe ya baba haiuzwi. Hakusema kiwanja. Alisema miembe. Mimi nikamwangalia bro wa katikati, yeye akaangalia chini, na hakuna aliyesema kitu, tukatoka nje kumwambia mzee wa watu samahani.

Nilimchukia kaka kama mwaka mzima. Nilirudia ule mwaka wa chuo. Na mpaka leo kiwanja kipo, hakijajengwa, hakijauzwa, miembe ipo. Ukija kuniuliza alikuwa sahihi au alikosea sina jibu, bei imepanda ndio, lakini hatujauza kwa hiyo hiyo bei inamsaidia nani?

Kwa hiyo nikimwangalia Bobby kwenye ile dokumentari, mzee sasa, rasta zimefika mgongoni, anaeleza ile siku bila kumlaumu kaka yake hata kwa neno moja, mi nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

Turudi kwenye hadithi inayopindishwa. Watu wanasema ni jina. Mi nasema jina ni kisingizio kizuri kwa sababu ni kifupi, kinaingia kwenye sentensi moja. Hebu tuseme David alikubali, wakaitwa sijui The Hackney Brothers, rekodi ikatoka 1976. Nani angeipiga? Redio za watu weusi mwaka huo zilikuwa zinaelekea kwenye disko, na mfano upo hapo hapo ndani ya nyumba, huyo huyo Don Davis ndiye aliyetengeneza Disco Lady ya Johnnie Taylor mwaka 1976, ikawa single ya kwanza Marekani kupewa platinamu, cheti cha mauzo makubwa. Hiyo ndiyo hela ilipokuwa. Na redio za roki zilikuwa zimeshajigeuza za wazungu, Jimi Hendrix, yule mpiga gita mweusi, ameshakufa tangu 1970 na hakuna aliyekuwa anatafuta mwingine. Funkadelic walipenya, sawa, lakini Funkadelic chini ya yale magita kuna fanki, mtu wa disko anapata pa kukanyagia. Death hamna pa kukanyagia. Motown wenyewe walishahamia Los Angeles tangu 1972. Kuna watu wangekwambia bendi nzuri haizami, mi nakwambia zinazama kila siku, na hazizami kwa kosa moja.

Ninachomlaumu David ni kwamba alimrahisishia kazi aliyetaka kumkataa. Hapo ndio namlaumu. Lakini siamini kwamba kulikuwa na mlango umefunguliwa wazi na yeye akaufunga.

Baada ya hapo wakajitoa wenyewe. Mwaka 1976 wakachapisha santuri yao ndogo, Politicians in My Eyes upande mmoja, Keep on Knocking upande wa pili, lebo yao wenyewe wakaiita Tryangle, nakala 500. Mia tano! Harusi ya mtu wa kawaida hapa Dar kadi zinafika hizo. Wakazunguka nazo kwenye redio, hazikupigwa, wakazigawa, nyingine zikabaki nyumbani. Miaka mingi baadaye wale wakusanyaji wa santuri za zamani walikuja kuanza kuuziana moja moja kwa mamia ya dola, na wakati huo wenye wimbo hawana habari, wapo zao kwenye mambo mengine.

Mambo mengine yenyewe ni haya. 1977 wakahamia Burlington, Vermont, kaskazini kabisa kule, baridi na wazungu watupu. Wakajiita The 4th Movement, wakatoa albamu mbili za roki ya injili. Ndiyo, wale wale. Na ukiisikiliza unasikia ni mkono ule ule, ni David tu amebadilisha mahali pa kupeleka hasira. Mwaka 1982 David akachoka, akarudi Detroit. Wadogo zake wakabaki, wana wake na watoto, wakaanzisha bendi ya rege inaitwa Lambsbread, na kwa miaka mingi ukienda Vermont ukiwauliza watu Bobby na Dannis Hackney ni nani wangekwambia ni wale jamaa wa rege. Drama wa roki ya kasi namna ile anakaa miongo anapiga rege! Sisemi rege ni rahisi, ila ni kama kumchukua dereva wa Scania ukampa bajaji.

David alikufa mwaka 2000, saratani ya mapafu, alikuwa mvutaji sana. Kabla hajafa alifunga safari kwenda Vermont na tepu za masta, zile rekodi za asili, za 1975, akamkabidhi Bobby. Bobby akamwambia nyumba imeshajaa vitu vya muziki, kaka akang'ang'ania, akamwambia tunza, iko siku watu watakuja kuzitafuta na nataka wazikute kwako. Bobby akazipandisha darini. Nadhani mtu yeyote mwenye kaka mgonjwa angezipandisha darini. Unapokea, unasema sawa kaka, unaweka, na moyoni unajua hakuna anayekuja.

Zilikaa kule juu miaka nane.

Sehemu inayofuata inasimuliwa sana kwa hiyo nitaipita. Mtoto mmoja wa Bobby, Julian, yupo California, anakuta wimbo unapigwa kwenye pati, anasikia sauti anaifahamu, ni sauti ya baba yake. Baba ambaye yeye anamjua kwa rege. Anapiga simu nyumbani, baba hii ni nini? Bobby hakuwahi kuwaambia watoto. Ile dari ikafunguliwa, na Drag City, lebo ya Chicago, wakaitoa rekodi mwaka 2009, na magazeti makubwa yakaandika, na Bobby na Dannis wakarudi jukwaani kama Death na gita akashika Bobbie Duncan, mwenzao wa Lambsbread.

Lakini kinachonikaa mimi ni wale watoto. Bobby ana vijana wake watatu, na hao watatu wakaunda bendi ya kupiga nyimbo za Death hata kabla rekodi haijatoka, wakaiita Rough Francis, jina ambalo David alikuwa akilitumia mwenyewe mwishoni mwishoni kwa kazi zake. Kiingereza kinasema hapo ni bendi imepewa jina la anko wao. Anko, basi, kama vile ni mjomba au jirani. Hiki Kiswahili kinajua zaidi. David kwa wale vijana ni baba mkubwa. Mtu ambaye akifika nyumbani baba yako anakaa vizuri kwenye kiti. Yaani baba yao aliinamisha kichwa mbele ya yule mtu mwaka 1975, na wao wamechukua jina lake wamelibandika kwenye drams zao wanazunguka nalo.

Halafu kuna ule ubishi wa nani alikuwa wa kwanza, kwamba Death walipiga panki, ile roki ya kasi na hasira, kabla ya bendi ya Ramones, ambao albamu yao ya kwanza ni 1976, na kabla ya Sex Pistols, kwa hiyo panki imeanzishwa na weusi wa Detroit. Naelewa kwa nini watu wanaupenda, hata mimi nilivyoanza nilikuwa naupigia debe. Sasa hivi umenichosha. Hapo hapo Michigan kulikuwa na bendi za Stooges na MC5, zilizotoa albamu zao za kwanza 1969, na David mwenyewe hakusema anapiga panki, alisema anapiga roki. Na ukishampa mtu cheo cha "wa kwanza" watu wanaacha kumsikiliza, wanamweka kwenye kabati la makumbusho. Bendi ya Bad Brains ya Washington walikuja baadaye, wao nao weusi, na wala hawakuwa wamewasikia hawa, maana nakala 500 zitamfikia nani? Hapo ndipo mi naona hasara ilipo. Kuna vijana wangapi walikuwa kwenye vyumba vyao na magita ya kuokota, majirani wanawaambia huo si muziki wenu, na hawakujua kwamba kuna watu watatu Detroit wameshamaliza huo ubishi.

Mafanikio yaliyokuja yalikuja, nashukuru, lakini yalimkuta Bobby na Dannis wana mvi, na kaka hayupo. Ile rekodi ya 2009 haikumzaa nyota mpya wa roki. Walizunguka, wakatoa albamu mpya mwaka 2015 inaitwa N.E.W., ni nzuri, siyo kama ile. Haiwezi kuwa kama ile. Ile ina mtu wa tatu ndani yake ambaye hasikilizi ushauri.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Chanika. Kaka anapendaga kwenda kufyeka majani pale kila baada ya miezi, na huwa anatupigia wote ingawa anajua nitakuja mimi tu. Msimu wa maembe ulikuwa umeisha, yamebaki yale madogo madogo ya juu yaliyoshindikana kuchumwa. Tulifyeka mpaka saa saba, tukakaa chini ya mwembe mmoja, akatoa chai kwenye chupa. Nikawa nimeweka simu kwenye sufuria tupu ili sauti ikuzwe, nikapiga Politicians in My Eyes. Kaka sio mtu wa muziki huo, ni mtu wa Msondo. Alisikiliza mpaka mwisho lakini, akawa anatikisa mguu kidogo. Akauliza hawa nani. Nikamweleza, ndugu watatu, baba yao akafa, kaka yao mkubwa akaipa bendi jina, akaja bosi na hela akataka jina libadilishwe, kaka akakataa, wakakosa kila kitu.

"Jina gani?"

"Kifo."

Akamimina chai ile iliyobaki, akafunga chupa.

"Jina gani hilo sasa. Wangebadilisha tu."